Cheni Bloku ya Obiero

Kamba ilikatika Ondiek alipoijaribu kwa kuning'inia, akaanguka kwa makalio chini ya mkaratusi.

"Mwalimu, kama imekukataa wewe mwembamba hivyo, injini itaibeba?"

Aliyecheka ng'ambo ya ua wa michongoma alikuwa Kituyi, jirani yake pale Kiplombe, dereva wa lori la mahindi. Alikuwa na fulana iliyotoboka, lakini hata kwenye fulana hiyo alikuwa amebandika beji ya chama.

Ondiek aliinuka, akajipangusa. Nyuma yake gari lake, Pijo, lilikuwa limefunguliwa boneti. Injini ilikuwa ikigonga tangu Jumatano. Alitaka aitoe, abadilishe beringi, airudishe usiku huo huo, ili kesho Jumapili, watu wakiwa kanisani, yeye na familia yake wawe wameshapita Kitale wakielekea mpakani. Wenzake wawili waliofundisha naye chuoni walikuwa wamechukuliwa na polisi wiki hiyo kwa sababu ya vikaratasi vya kuipinga serikali vilivyookotwa chini ya milango. Hakuna aliyejua walikopelekwa.

"Usiifungue," Kituyi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Hiyo sauti nimeisikia. Weka oili nzito, endesha pole pole, itakufikisha."

"Itanifikisha wapi?"

"Mahali unaenda."

Ondiek alimtazama usoni, kisha kwenye beji.

"Mkeo ameanua nguo zikiwa mbichi," Kituyi aliendelea, "na mvua haiko. Mimi kesho alfajiri nateremsha lori Moi's Bridge, njia ya Kitale. Nyuma ni tupu. Kuna turubai."

"Siendi popote, Bwana Kituyi," Ondiek alisema, na kutabasamu kama mtu anayemtabasamia chifu.

Ndani ya nyumba alimkuta mkewe Leonida akifunga nguo za watoto kwenye shuka.

"Yule ametumwa," alimwambia. "Anataka tuingie wenyewe kwenye lori lake kama magunia."

"Na kama hakutumwa?"

"Angejuaje kwamba tunaondoka?"

"Kwa kutazama. Hata mimi najua kwao wanakula nini."

Ondiek hakutaka kusikia. Siri hiyo alikuwa amempa mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa na beji.

Mtu huyo alifika saa sita, akisukuma baiskeli yenye gunia zito kwenye keria. Obiero, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa amelelewa katika nyumba hiyo hiyo, akala kwenye sahani hizo hizo. Kwa miaka mingi alikuwa hana kazi. Mwezi uliopita alikuwa amepata, kazi ya stoo, alisema, na buti zake mpya nyeusi zilikuwa bado zinalia akitembea.

"Omera, ndugu yangu, kamba?" alisema, akiokota kile kipande kilichokatika. "Unataka kufa?"

"Nilifikiria pia kuinua kwa jeki, halafu tuiviringishe juu ya mbao."

"Jeki itainua, haitatoa. Na tawi la mkaratusi huvunjika bila kukuambia. Unasimama chini yake, linakuja na wewe." Alifungua gunia. "Mimi nakutaka ukiwa mzima."

Ilikuwa cheni bloku, kapi la kunyanyulia injini, minyororo yake inang'aa kwa grisi. Ondiek aliipokea kwa mikono miwili. Kwenye ubavu wake mtu alikuwa amepaka rangi nyeusi juu ya maandishi fulani, na rangi hiyo ilimshika vidoleni.

"Umeitoa wapi?"

"Stoo. Ni chombo cha watu, lazima irudi ikiwa nzima."

"Kituyi anasema nisiifungue injini. Ati itafika."

Obiero alicheka mpaka akashika mbavu. "Kituyi na beji yake! Ikikufia katikati ya mashamba ya mahindi na watoto ndani, atakuja kukusukuma? Itoe, Omera. Kazi ifanywe mara moja."

Walisimamisha nguzo tatu nene, wakazifunga vichwa kwa waya. Obiero alichimbia kila mguu wa nguzo ili usiteleze, akautikisa, akachimba tena. Kisha akaning'iniza cheni bloku. Walimwaga maji, wakafungua mabomba, nyaya na bolti, wakaipitisha minyororo chini ya injini.

Ondiek alivuta kwa mkono mmoja. Meno ya cheni bloku yalilia tik, tik, tik, na ule uzito ambao ungeweza kumvunja kifua ulipanda kama ndoo kutoka kisimani. Walilisukuma gari nyuma. Injini ikabaki hewani, ikidondosha oili, na Pijo ikabaki na shimo.

Machozi yalimlenga Ondiek. Alimshika mdogo wake bega.

Obiero alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. "Naenda mjini kuchukua beringi. Usiiguse. Kaa hapa hapa, unisikie?"

"Nitaenda wapi?" Ondiek alisema, na wote wawili wakacheka.

Ng'ambo ya michongoma Kituyi alikuwa amesimama akiitazama Pijo. Alitikisa kichwa, akaingia kwake, akafunga mlango.

Chai aliyomiminiwa Ondiek ilikuwa haijapoa Land Rover ilipoingia uani. Walishuka wanaume watatu, buti zao nyeusi zikilia. Leonida alitoka mlangoni na furushi mkononi, akasimama.

Mkubwa wao alimpita Ondiek kama mtu anayepita nguzo. Alikwenda moja kwa moja kwenye cheni bloku, akaikwangua ile rangi kwa ukucha, akasoma "Mali ya Polisi", akaridhika.

"Kwanza shusheni injini taratibu," aliwaambia wenzake. "Obiero amesema hii lazima irudi stoo ikiwa nzima."