Mkalimani wa Mishamo

"Wote wamesema ushauri umewasaidia?" Pudensiana aliuliza. "Hata mmoja hajalalamika?"

"Hata mmoja, mwalimu," kiongozi wa kundi akajibu, kifua mbele.

Pudensiana alikuwa amewatuma wanafunzi wake wa ushauri nasaha kutoka Mpanda mjini hadi makazi ya Mishamo, wakawaulize wakimbizi wa Burundi waliofiwa kama ushauri waliopewa uliwafaa. Kirundi, lugha ya wakimbizi hao, hakuna mwanafunzi aliyekijua.

"Nani aliwatafsiria?"

"Mshauri wao mwenyewe, mwalimu. Alijitolea."

Pudensiana aliwatazama mmoja mmoja kama mtu anayechambua maharage yaliyobunguliwa. Muhula mzima anahubiri utafiti, kumbe anahubiria magogo!

"Nyie mna akili kweli? Mjane wa watu kakalishwa kwenye kigoda, mshauri wake kamkazia macho, halafu mnamuuliza kama mshauri ni mzuri. Mlitaka aseme nini? Huo si ushahidi, ni adabu tu! Mtu akiulizwa mbele ya anayemwogopa, atajibu kinachompendeza huyo anayemwogopa. Mtoto wa chekechea analijua hilo!"

Akaupiga ubao kwa chaki mpaka ikakatika, kipande kikamrukia kiongozi wa kundi shavuni. Kijana hakuthubutu hata kujifuta. Alama nyeupe ikabaki palepale.

"Haya. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, mwalimu!"

"Ambaye hajaelewa anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka.

Pudensiana akajikung'uta vumbi la chaki. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akatabasamu. Wote wameelewa, alijiambia. Hata mmoja hajabaki.