Tela Jepesi Kuliko Yote

Mama alikuwa amelala chali kwenye changarawe, kichwa chini ya tela la tano, miguu nje.

"Mia sita na ishirini!" alipiga kelele kutoka huko chini. "Imeandikwa hapa kwenye kibati! Si umetuambia mia nne?"

Muuzaji alijikuna shingo. "Mia nne likiwa tupu, mama."

"Tupu! Nani analala kwenye tela tupu? Godoro hawaweki? Maji hawanywi?"

Alitoka amejaa vumbi, akachomoa kitabu cha gari kwenye mkoba. Wiki nzima alikuwa akikisoma, miwani puani, kidole kikifuata mstari. Gari la mwanawe lisikokote zaidi ya kilo mia tano. Basi. Hata mtoto wa darasa la pili angeelewa.

"Gari lenyewe hilo," muuzaji alicheka, "hata mimi nikiliegemea linasogea."

"Ndiyo nasema! Unacheka nini?"

Tangu asubuhi, hii ilikuwa yadi ya tatu, na kila yadi walimdanganya uzito. Mama hakuwa mgomvi, ila mwaka jana jirani yao alikokota tela zito kwa gari kama hilo hilo. Kwenye mteremko wa nyuma ya kiwanda tela likaanza kuyumba, likalisukuma gari hadi mtaroni. Mama ndiye aliyekaa na mjane siku saba. Sasa mwanawe anataka tela la kulalia, na ndiye mtoto pekee aliyenaye. Kwa ajili yake aliuza hata nyumba yake, ili yeye na mkewe wamalizie kujenga yao, akahamia kwao.

Na huyo mtoto mwenyewe alikuwa kasimama kivulini anachezea simu.

"Mama, chagua lolote twende zetu. Sisi hatuendi mbali."

"Kwani mteremko wa nyuma ya kiwanda uko mbali? Si uko hapo hapo! Umeuliza breki?"

"Nimeuliza kama linavuja mvua ikinyesha."

"Mvua! Mimi nakwambia breki, wewe unaniambia mvua. Baba yako alikuwa hivi hivi, ukimwambia moto anauliza chumvi."

Mkwe tu ndiye aliyeonekana kuwa na akili. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na kila tela alilijaribu ngazi, akipanda na kushuka pole pole.

"Hizi ziko juu sana," alisema. "Mtu ataumia magoti."

"Umeona?" Mama alimgeukia mwanawe. "Mwenzio na tumbo lake hilo anafikiria. Njoo mwanangu, ukae, usichoke."

Mkwe aliangalia pembeni.

Tela la sita lilikuwa dogo kama yai. Kitanda kimoja, jiko la mafiga mawili, dirisha moja. Muuzaji akaapa halifiki mia nne hata likijaa. Mama hakutaka viapo. Alitaka mizani. Jirani na yadi palikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani kubwa, na mama aliwasimamia muuzaji na mwanawe mpaka wakalisukuma hadi kwake. Akajaza tangi la maji mwenyewe kwa ndoo. Akapandisha mtungi wa gesi, akapandisha godoro. Muuzaji alikuwa anatokwa jasho.

"Mama, mimi nina wateja wengine."

"Na mimi nina mtoto mmoja. Soma."

"Mia tatu na sabini."

Mama akasoma tena kwa macho yake. Mia tatu na sabini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yalishuka.

"Ila kitanda kimoja, na mtoto anakuja. Si mtabanana?"

"Kinatosha," mwanawe alisema, akaweka simu mfukoni. "Hebu lala tuone."

"Mimi tena? Nimelala kwenye changarawe haitoshi?"

"Si mimi na wewe tuna urefu mmoja."

Mama alipanda, akajinyoosha. Miguu haikugusa ukuta. Mkwe akaingiza kichwa mlangoni.

"Mgongo hauumi, mama?"

"Hauumi hata kidogo. Mume wako atalala kama mfalme humu."

Njiani mama alikaa kiti cha nyuma, kajipinda shingo, macho kwenye tela. "Punguza. Punguza, nasema!" Kwenye mteremko wa kiwanda alishika kifua. Tela halikuyumba. Lilifuata nyuma kama mbuzi aliyezoea kamba. Walipoingia getini alimshukuru Mungu kwa sauti, akaingia sebuleni na kujitupa kwenye kochi, viatu miguuni. Usingizi ukamchukua hapo hapo.

Alipoamka, jua lilikuwa bado kali. Alitoka uani kumkumbusha mwanawe afunge mtungi wa gesi. Akamkuta nyuma ya jiko, amechuchumaa kando ya tela. Matairi yote mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani, na tela limekaa juu ya matofali.

"We! Limekuwaje? Limetoboka?"

"Hapana, mama."

"Sasa mtasafiri vipi bila matairi?"

Mwanawe hakuinua uso. Aliendelea kupanga tofali moja juu ya jingine, akilipima kwa kiganja kama limelala sawa.

Mama akageuka kumwita mkwe aje amsemeshe mumewe. Mlango wa chumba alichokuwa akilala mama tangu ahamie ulikuwa wazi. Ndani, kitanda cha mtoto mchanga kilikuwa kimeshaungwa, na mkwe alikuwa anatoka taratibu na nguo zote za mama mikononi, amezikunja vizuri, anazipeleka kwenye tela.