Kikombe cha Bi Sikudhani

"Pakavu hapa, mama. Yakitoka maji, godauni sijengi!" Bwana Kitundu, tajiri aliyetaka kujenga hapo, aliipiga ardhi teke.

Bi Sikudhani, mwenyekiti wa kamati ya kujitolea inayolinda chemchemi ya mji, alichimba shimo la kina cha mkono, akaketi kando yake, kikombe cha bati mapajani. Wenzake wa kamati wakamzunguka. Kitundu akatazama saa, akacheka, akamwita dereva wa tingatinga aanze kazi.

"Subiri, baba. Ardhi haikimbizwi," alisema Bi Sikudhani.

Ndipo udongo wa chini ukaanza kung'aa, maji yakapanda polepole kama maziwa motoni. Vigelegele vikahanikiza. Bi Sikudhani akachota, akampa Kitundu kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu maji, mgeni wetu."

Dereva akazima tingatinga. Kitundu akabaki na kikombe mkononi, asijue anywe au amwage.