Lenzi ya Marehemu

Selina aliielekeza kamera dirishani, akaona lenzi ni safi kabisa. Lakini pesa aliyokuja nayo haikufikia bei.

“Lenzi imeota ukungu, mama,” alisema. “Picha zitatoka na madoa.”

Bi Mwanaidi, mjane aliyekuwa akiiuza, aliichukua akaipangusa kwa pindo la khanga, polepole, kama anayempangusa mtoto pua.

“Nisamehe, mwanangu. Marehemu ndiye aliyezijua hizi. Ningekuuzia kitu kibovu bila kujua. Basi nipe hicho ulicho nacho.”

Selina alimpa bila kumtazama usoni.

“Kabla hujaenda, nipige moja,” Bi Mwanaidi alisema, akijitengeneza khanga kichwani. “Yeye alipiga harusi za mtaa mzima, mimi kila siku ananiambia kesho. Hata ikitoka na madoa nitaipenda.”

Selina aliweka jicho kwenye kamera, akazungusha lenzi. Uso wa yule mama ukaja karibu, kila kunyanzi mahali pake, na unyevu kidogo kwenye kope.

“Vipi, naonekana na huo ukungu?”

Kidole cha Selina kilibaki juu ya kitufe. Bi Mwanaidi aliendelea kutabasamu, akingoja.