Ruta Mpya ya Mama Naoya

Sumie alitaka ruta yenye nguvu ya kupenya kuta mbili, ili aweze kumnyima mwanawe intaneti sawasawa.

"Sawasawa vipi, mama?" aliuliza binti aliyekuwa akimhudumia katika duka la vifaa vya umeme, hapo mjini Takaoka, Japani.

"Chumbani kwake mawimbi yafike yote. Aone yamejaa tele, halafu asiweze kuingia mpaka aje aniombe neno la siri kwa mdomo wake."

Binti hakucheka. Pengine na kwao yuko mmoja wa namna hiyo, wa kujifungia chumbani. Siku hizi kila mtaa una wake. Alisogeza kando ruta ndogo nyeupe aliyokuwa ameitoa kwanza, akampa nyeusi yenye antena nne.

"Hii inafika ghorofani bila shida. Simu ngapi zitaitumia?"

"Tatu. Yangu, ya mume wangu na ya Naoya."

Naoya alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Siku moja, miaka sita nyuma, alirudi kutoka kazini, akapanda ngazi, akafunga mlango, basi. Sumie alikuwa akimwekea sinia la chakula mlangoni, anagonga mara mbili na kuondoka, maana kijana hakuwa akifungua mtu akiwa karibu. Lakini mwezi wa nne Sumie alifanyiwa upasuaji wa moyo, akalazwa wiki tano, na aliporudi nyumbani daktari alimkataza mambo mawili: ngazi na mishtuko. Tangu hapo sinia lilipandishwa na mumewe, Yasuhei.

Na Yasuhei alibadilika, hilo lazima lisemwe. Mtu aliyekuwa akitaka mtoto aachwe na njaa mpaka atoke mwenyewe, sasa alipanda ngazi mara tatu kwa siku na kukaa huko nusu saa. Alinenepa. Alianza hata kumwita mkewe kwa jina lake, yeye ambaye kwa miaka thelathini hakujua kumwita vingine ila Mama Naoya. Sumie alidhani ni huruma ya ugonjwa, akaifurahia kimyakimya.

Ruta tu ndiyo hakuitaka.

"Ya zamani ina ubaya gani?" alisema, akimtazama mkewe akichomeka waya ukutani.

"Neno la siri la ya zamani analijua. Ana haja gani na sisi?"

"Mwache mtoto, Sumie."

"Nimemwacha miaka sita. Wewe si ndiye uliyetaka tumnyime wali? Mimi namnyima intaneti tu, unanuna."

Yasuhei alitoka nje kufagia majani. Sumie alivaa miwani, akasoma kikaratasi kilichobandikwa chini ya ruta, akafuata maelekezo hatua kwa hatua kwenye simu yake. Akafika pahali pa kuupa mtandao jina. Akaandika: Shuka Tule. Taa ya kijani ikawaka. Mumewe aliporudi, Sumie alimpa neno la siri kwa ajili ya simu yake. Orodha ya vilivyounganishwa ikaonyesha vifaa viwili.

Siku ya kwanza, viwili. Siku ya pili, viwili. Sinia lilirudi safi kama kawaida, hata punje haikubaki, lakini ngazini hapakusikika hatua ya Naoya. Sumie alianza kuogopa kwamba amemuudhi moja kwa moja.

Siku ya tatu, akiwa anapakua wali, alimkumbuka Naoya wa miaka minne, alivyochomeka vijiti vyake vya kulia vikasimama katikati ya bakuli. Bibi yake alimchapa mkono: hivyo huandaliwa wafu. Mtoto alilia, halafu akauliza, "Kwani wafu wanashiba?" Bibi aliishia kucheka. Sumie naye alicheka sasa, peke yake, na machozi yakamtoka.

Yasuhei alishuka na sinia tupu. Alinuka moshi.

"Nini hicho?"

"Dawa ya mbu."

"Mbu wa mwezi wa kumi na moja?"

"Chumba chake kina joto."

Sumie aliweka mwiko chini. "Sikiliza. Kesho nisipomwona, napanda mwenyewe. Moyo ukitaka kusimama, usimame."

Mumewe alianza kuosha bakuli.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, orodha ilionyesha vifaa vitatu. Cha tatu kiliitwa Simu ya Naoya.

"Baba Naoya." Sumie aliinua simu. "Amekuomba neno la siri?"

Yasuhei alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, akingoja sinia. "Ameniomba."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Kasemaje?"

Yasuhei alikohoa. "Kasema mwambie mama, anapika vizuri."

Furaha ilimjaa Sumie mpaka akashika meza. Alimpakulia wali, supu na kipande kikubwa cha samaki, akamwacha mumewe apande. Alihesabu dakika tano. Kisha akapanda na yeye, akipumzika ngazi ya nne, akipumzika ya nane, akipanga maneno. Hatamlaumu. Atamuuliza tu kama mawimbi yanafika vizuri.

Mlango ulikuwa wazi kidogo, kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Alisikia sauti ya mumewe ikiongea polepole, kwa upole. Wanazungumza, aliwaza, akausukuma.

Yasuhei alikuwa peke yake, amepiga magoti. Mbele yake simu ya Naoya ilikuwa ikiwaka kando ya kisanduku cha majivu ya marehemu kilichofungwa kitambaa cheupe, kijiti cha udi kikifuka pembeni, na katikati ya bakuli la wali, ambao bado ulikuwa ukitoa mvuke, vijiti viwili vilikuwa vimesimama wima.