Mwendo wa Ambakisye

Sheria ilikataza jeshi kuagiza silaha yoyote kabla haijajulikana silaha hiyo itahitaji kujua nini. Kwa hiyo, miaka mingi kabla ya ndege za ulinzi kuundwa, maofisa walipita nyumba kwa nyumba katika mji wa mpakani, wakirekodi mwendo wa kila mkazi ili ndege ziwatambue wenyeji kwa hatua zao, zisije zikawapiga. Tusekile alimng'arishia mwanawe, Ambakisye, viatu, akamwambia atembee kwa madaha.

Sasa ndege zimefika, zinazunguka juu ya mabati kutwa kucha. Naye Ambakisye, aliyeangukiwa na gogo mwaka jana, anachechemea.

"Mwendo mpya tutaupokea silaha nyingine ikiagizwa," ofisa alimwambia Tusekile alipokwenda kuomba mwanawe arekodiwe upya. "Orodha ya hii imeshafungwa, mama."

Tangu hapo kijana hatoki nje. Kila asubuhi Tusekile anasogeza viti, anasimama mwisho wa sebule na kunyoosha mikono, kama alivyofanya alipokuwa akimfundisha kutembea.

"Njoo kama zamani, baba. Usichechemee."

Ambakisye anauma meno, anapiga hatua mbili, anaangukia mikononi mwa mama yake.

"Leo je, mama?"

"Bado kidogo," anasema Tusekile, akimkumbatia kwa nguvu ili asimwone uso.