Kiboko Alipofunga Gulio

Kikohozi kilipoingia bondeni na wanyama wakaanza kufa, Jumbe Kiboko, asiyependa kuulizwa, alilifunga gulio.

"Wachuuzi wote wakae majumbani! Afanye kazi mganga peke yake."

Korongo, mganga mpole, akasema, "Jumbe, lakini dawa zangu..."

"Wewe tibu. Mambo ya gulio niachie mimi."

Siku ya nne, mwana wa Kiboko akaanza kukohoa. Kiboko akambeba mbio hadi kwa Korongo, akakuta vyungu vitupu.

"Dawa iko wapi?"

"Imekwisha, Jumbe. Mizizi huchimbwa na Ngiri, na Ngiri hula mihogo ya Nungunungu, aliyekuwa akiiuza gulioni. Sasa mihogo imemwozea Nungunungu nyumbani, na Ngiri amelala kwa njaa. Hawezi hata kusimama."

Kiboko akasema, "Mimi nilifunga gulio tu!"

Akakimbia mwenyewe kumpelekea Ngiri chakula. Ngiri akala, akajikongoja, akachimba.

Mizizi ilifika alasiri. Korongo akaipokea, akamtazama mtoto. Kikohozi kilikuwa kimekoma, na pumzi pia. Akaiweka mizizi chini bila kuiponda.